Kigoda Mlangoni kwa Mjane

Accra, 14 Aprili 1988

Mwalimu wangu mpendwa,

Nakusihi, kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Yaliyomo humu yasimfikie mtu yeyote: si Sista mkuu wa shule, si walimu wenzako, si hata dada yako mnayekula naye akple jioni. Ukimaliza kusoma, ichome.

Ni mimi Senyo Attipoe. Ulinifundisha fasihi ya Kiingereza kule Hohoe, kabla hujahamia shule ya wasichana. Nilikuwa nakaa dirishani, nasoma mashairi kwa sauti ya chini mpaka siku moja ukaniambia, "Senyo, shairi si maungamo, hebu tusikie na sisi." Siku hizi ni karani katika Ofisi ya Mitihani. Napiga chapa. Chumba chetu kina mlango wa chuma, na kila anayeingia humo ameapa, mkono juu ya Biblia, kwamba hataandika wala kusema neno la mtihani kwa shule yoyote mpaka matokeo yatoke. Barua hii peke yake inatosha kunifukuzisha kazi, pengine na zaidi ya hapo.

Jumapili nilinunua samaki wa kulia kenkey, mama muuzaji akanifungia kwenye gazeti. Nilipolifungua nikakuona. Ilikuwa Siku ya Wazazi ya Shule ya Wasichana ya Avenyo, msichana amevaa taji na ndevu za pamba, nawe umesimama pembeni umeziba mdomo kwa kiganja kama unavyofanya ukifurahi. Chini yake wameandika kwamba watahiniwa wa kidato cha tano wanaigiza tamthilia yao teule, *Mfalme wa Visiwa*. Samaki alinishinda.

Mwalimu, achana na huyo mfalme. Chukua *Kinu cha Bondeni*, muanze kukisoma kesho. Usiniulize nimejuaje. Sithubutu kuandika zaidi.

Usijibu kwa anwani ya ofisi. Andika kwa Efo Komla, fundi cherehani, Kaneshie, naye atanipa.

Mwanafunzi wako,
Senyo


Avenyo, 25 Aprili 1988

Senyo,

Barua imefika. Mlango sikuufunga.

Kumbe ndiyo biashara mnayofanya huko Accra! Unaninong'oneza: acha hiki, chukua kile, usiulize, choma. Wauza dawa za nguvu kwenye kituo cha malori huongea hivyohivyo, ila wao angalau hupaza sauti. Miaka yote niliyoshika chaki sijawahi kumpa mtoto swali kabla ya siku yake, nawe wajua, maana wewe mwenyewe ulinililia mwaka ule nikakwambia nenda kasome. Sasa umepata ufunguo wa chumba cha chuma, unataka kunilipa fadhila. Nami nikulipe nini, jogoo?

Wasichana wangu wamekaa na mfalme huyo miaka miwili. Yupo mmoja, Enyonam Kugblenu, binti wa muuza mikate ya abolo, anajua maneno ya mfalme, ya malkia, na ya mlinzi anayesema mara moja tu. Wenzake wakikosea anawasahihisha kutoka nyuma ya pazia mpaka mfalme anamwambia, "Basi njoo uvae ndevu wewe." Huyo ndiye unataka nimwambie atupe kitabu? Waraka wa vitabu teule umebandikwa ofisini kwetu, na jina la tamthilia yetu limo. Nimekwenda kuutazama tena kwa ajili yako.

Barua yako nimempa Sista Bernadeta. Najua imekuuma. Mimi imeniuma kwanza, maana nilikuwa nawaambia watu kwamba yuko mtoto wangu mmoja Accra asiyenunulika.

Akpene Dogbatse


Accra, 29 Aprili 1988

Mwalimu,

Nakupigia magoti. Ichukue barua hiyo kwa Sista leo hii, kabla hajaituma popote.

Sikupi swali! Sikupi hata herufi ya swali. Niliogopa kutaja mtihani, nikazungukazunguka, sasa naona maneno yangu yalivyosikika. Sasa naandika wazi.

Mitihani iko miwili kwa mwaka. Wa Juni ni wa wanafunzi wa shule. Wa Novemba ni wa watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaosoma usiku baada ya kazi. Mwaka huu vitabu teule vya shule vimebadilishwa, lakini wa kujitegemea wameachiwa vya zamani kwa mara ya mwisho, kwa kuwa wengi walikwisha kuvinunua. Nyaraka ni mbili, rangi moja, mhuri mmoja. Tafadhali nenda ukutani, usiangalie majina ya vitabu. Angalia juu kabisa, umeandikiwa nani.

Kama nimekosea, nenda kaniripoti mwenyewe. Kama sikukosea, wasichana wako wataingia Juni wakute karatasi isiyo na mfalme hata mmoja.

Nilimuuliza mkubwa wangu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: shule ikifundisha kitabu kisicho chenyewe, sisi tunafanyaje? Akasema, "Shule zina macho. Wewe una mashine. Piga chapa." Ndiyo maana nikakuandikia wewe.

Senyo


Avenyo, 8 Mei 1988

Senyo mwanangu,

Nilisoma juu. "Watahiniwa wa kujitegemea." Maneno yamekaa pale tangu mwaka juzi, makubwa kuliko mengine yote, na hakuna kati yetu aliyeyasoma, kwa sababu waraka wa vitabu ukifika kila mwalimu anakimbilia jina la kitabu. Dereva wetu aliuchukua kwenye ofisi ya wilaya juu ya rundo. Dereva simlaumu. Mimi ndiye mwalimu wa fasihi, kazi yangu ni kuwafundisha watoto wasome kila neno.

Nilikwenda Kpando kwenye shule ya wavulana nihakikishe. Bwana Fiagbe, mwalimu wao wa fasihi, alinicheka kabla hajanipa kiti: "Davi Akpene, mnacheza na mfalme aliyezikwa!" Kisha akaona uso wangu, akaniitishia maji. Vijana wake wanavitumia vitabu vyao, kwa hiyo alinipa nakala moja kuukuu aliyoikuta nyuma ya kabati. Haina jalada la nyuma, lakini inasomeka. Ndiyo hiyo moja kwa darasa zima.

Nikawaambia wasichana. Hakuna aliyelia, na hilo lilinitisha. Enyonam akauliza, "Madam, na ndevu tuzitupe?" Nikasema tuziweke. Darasa likacheka, mimi nikatoka kidogo.

Sasa jambo ambalo nimelikwepa tangu mstari wa kwanza. Barua yako ya kwanza Sista aliituma ofisini kwenu siku ileile niliyompa. Jioni ile nilimkuta anarudi kutoka posta, akaniambia, "Umefanya vema, Akpene." Sasa nimemweleza yote. Ameandika nyingine ya kukutetea, lakini ile imetangulia.

Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Akpene


Accra, 17 Mei 1988

Mwalimu,

Nimeitwa. Bwana Nortey, mkuu wa usalama wa mitihani, alikuwa na barua yangu mezani, ameilalia kwa kiwiko kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Kijana, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Shule haivijui vitabu vyake, au wewe ndiye unajua zaidi?"

Nikamweleza habari za nyaraka mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, maskini, si mtu mbaya. Kisha akasema, "Kama ni jina la kitabu tu, jambo ambalo hata mpita njia anaweza kulisoma ukutani, mbona umeandika 'funga mlango'? Mbona 'choma'?"

Niliandika hivyo kwa sababu naogopa, Mwalimu. Mimi huogopa hata nikiwa sina kosa. Lakini nani ataandika hivyo katika kumbukumbu?

Hawajanifukuza. Wamenitoa chumba cha chuma, wameniweka kwenye benchi la ukumbini, napokea wageni. Wenzangu wakipita wanatazama saa zao. Karatasi za wasichana wako zitasomwa kando na kamati. Bwana Nortey alisema waziwazi: wakijibu swali la tamthilia vizuri mno kwa watoto waliokishika kitabu mwezi mmoja, basi walipewa, na aliyewapa ni mimi.

Silali. Lori likisimama nje nainuka. Jana nilitaka nikuandikie uwaambie wasiandike vizuri sana. Nimeliandika sasa ili ujue nimefika wapi. Usiwaambie.

Senyo


Avenyo, 28 Mei 1988

Senyo,

Sitawaambia, na asante kwa kuniambia nisiwaambie. Wataandika kadiri ya uwezo wao.

Nikueleze tunavyofanya, labda utapata usingizi. Kitabu ni kimoja, kwa hiyo hatusomi. Tunaigiza. Nawasomea mstari, wanausema, wanasogea, wanausema tena. Siku inayofuata wanabadilishana: aliyekuwa mjane anakuwa mwana, aliyekuwa mwana anakuwa mnunuzi. Sasa kila mmoja anaijua nyumba nzima. Mpishi naye amekuwa akisikiliza dirishani. Juzi alimkatalia chumvi msichana aliyecheza mwana, akasema, "Kamuombe huyo unayemuuzia kinu cha mama yako."

Maana hadithi ndiyo hiyo. Mjane wa Ulaya ana kinu cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, alichoachiwa na mumewe. Mwana anarudi kutoka mjini na mnunuzi. Mwishoni mnunuzi anabisha hodi, mjane anakwenda mlangoni, anasimama. Basi. Ukurasa umekwisha na tamthilia imekwisha. Mara ya kwanza nilidhani mtunzi amechoka, sasa naona ni ujasiri, anatuachia wenyewe.

Enyonam hakukubali. "Madam, hawezi kusimama tu, miguu itamuuma."

"Wazungu husimama," akasema mwenzake.

"Mama yangu angekaa."

Akakimbia jikoni, akarudi na kigoda cha mpishi, akakiweka katikati ya mlango wa darasa, akakikalia, akanyoosha miguu kizingitini. "Haya, mwana wangu, pita. Kauze."

Aliyecheza mwana ni msichana mkubwa, mkorofi, hana haya. Aliinua mguu. Akaushusha. Hakuna mtu aliyemwambia aushushe, Senyo. Nani atavuka miguu ya mama yake? Darasa lilipiga kelele mpaka Sista akaja kuuliza nani ameumia.

Tangu siku hiyo tunamalizia kwa kigoda. Nimewaambia waandike hivyo hivyo wakiulizwa, kwamba ndivyo wanavyouelewa ule mwisho. Niambie, wewe uliyekuwa ukipenda miisho, unakionaje kigoda chetu?

Akpene


Accra, 3 Juni 1988

Mwalimu,

Usiniandikie tena habari za tamthilia. Nakuomba. Niandikie habari za mvua, za dada yako, za mpishi.

Kuhusu kigoda sitasema lolote. Usidhani nadharau. Nilisoma barua yako nikatoka nje, nikarudi nikaisoma, nikatoka tena mpaka Efo Komla akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nilikwenda kwa miguu hadi karibu na posta, nikageuka. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nimeichana.

Waambie wasichana kwamba

Hapana. Usiwaambie chochote kutoka kwangu.

Senyo


Avenyo, 20 Juni 1988

Senyo,

Wamefanya. Walitoka ukumbini, wakanipita. Enyonam ndiye aliyesimama.

"Madam, ufunguo upi?"

Sikumwelewa. Akanionyesha swali. Eleza kitendo cha mjane kumkabidhi mwanawe ufunguo na kutoka kwenda kwenye theluji. "Madam, kwetu hakuna ufunguo. Hakuna theluji. Anakaa mlangoni."

Nikakichukua kile kitabu, nikakifungua mgongo. Nyuzi za kushonea zinaning'inia pale karatasi za mwisho zilipokuwa. Jalada la nyuma lilitoka nazo. Nimefundisha watoto tamthilia iliyokatwa shingo, nikaiita ujasiri wa mtunzi.

Wote wameandika kigoda. Baadhi walijitahidi kukiweka kwenye theluji.

Usiku nilisoma tena barua yako ya tarehe tatu. Nikaelewa kwa nini ulikwenda mpaka posta ukageuka. Wewe ulipiga chapa lile swali. Nilipokuandikia kwamba mjane anasimama na tamthilia imekwisha, ulijua palepale kwamba tumepungukiwa kurasa. Mtu mmoja tu katika nchi hii alijua, akanyamaza.

Mara ya kwanza nilikukasirikia kwa kudhani unanipa swali. Leo nakukasirikia kwa kutonipa. Sijui nikufanye nini, mwanangu. Ungeniuliza mimi usiku ule kabla ya kugeuka, ningekwambia geuka. Lakini Enyonam ananiangalia darasani, na siwezi kumwambia hivyo.

Akpene


Kpando, 2 Septemba 1988

Mwalimu wangu,

Anwani hapo juu imebadilika, nitakueleza.

Kamati ilikaa wiki iliyopita, nami nikaitwa nikae kwenye kiti cha peke yake. Bwana Nortey alikuwa na karatasi za Avenyo. Alianza kusoma kwa sauti ya mahakama, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu akashindwa kujizuia.

"Kigoda," akasema. "Huyu naye kigoda. Waheshimiwa, kuna kigoda katika kitabu hiki?"

"Kwenye theluji?" mmoja akauliza, wakacheka, na mwingine akasema labda kimeagizwa kutoka kwetu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Keta mwenye miwani minene. Yeye hakucheka. Akaomba karatasi ya Enyonam, akaisoma kimya, kurasa zote nne. Akasema, "Alama siwezi kumpa, maana si swali tuliloliuliza. Lakini mama wa kitabuni ametoa ufunguo. Wa huyu mtoto hakutoa." Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, ulijua jibu?"

"Nililijua, mama."

"Na ulijua hawalijui?"

"Nilijua."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Nortey akafunga jalada. "Mwizi wa mtihani," akasema, "hangewaacha watoto hawa mlangoni." Wakaandika kwamba hakuna swali lililovuja. Halafu wakaandika kwamba karani aliyeapa aliiandikia shule barua, na kwa kosa hilo anaachishwa kazi. Yote mawili ni kweli, kwa hiyo sikubisha.

Matokeo umeyaona. Wengi wamepita kwa vitabu vingine. Enyonam amepungukiwa kidogo tu, daraja moja, na kidato cha sita hakitamchukua. Ni lile swali. Wenzake waliandika nusu ukurasa wakaenda kwenye jingine, yeye alikaa na kigoda chake mpaka muda ukaisha. Naona jina lake kila ninapofumba macho. Nimejitetea kwa kila namna, Mwalimu, na kila namna ni sahihi, na jina bado lipo.

Sasa nisikilize. Ule waraka ukutani, usiubandue. Juu kabisa umeandikwa kwa watahiniwa wa kujitegemea. Enyonam ameshamaliza shule. Ni mtahiniwa wa kujitegemea kama mtu mwingine yeyote, na mtihani wa Novemba bado unatumia vitabu vya zamani. Tamthilia yake ni *Mfalme wa Visiwa*. Anajua maneno ya mfalme, ya malkia, na ya mlinzi anayesema mara moja tu. Nakala yenu ipo, haikukatwa ukurasa, ndiyo ile uliyonikasirikia nilipokwambia uiache.

Mtihani huo sijauona. Unapigwa chapa sasa hivi, na mtu mwingine ndiye anayeketi kwenye mashine yangu. Kwa hiyo ninaweza kumfundisha bila kujiuma ulimi. Nitamwuliza kila swali linaloweza kuulizwa, na nisijue hata mimi lipi litatoka. Hujui raha yake. Bado nikisikia lori nainuka, lakini nakaa tena.

Usajili haujafungwa. Mlete wiki hii. Msipite barabara ya soko kubwa, imekatwa na mvua. Shukeni mahali wauza abolo wanapokaa, mama yake anawajua wote. Ulizeni duka la baiskeli la Amega Dotse, mjomba wangu. Mtamkuta nje amelala juu ya kiti, msimwamshe, mzungukeni. Mimi niko chumba cha nyuma, chenye pazia la bluu. Hakuna mlango wa kufunga, kwa hiyo iteni jina langu kwa sauti kubwa tangu barabarani, majirani wasikie.

Na mwambie alete ndevu.

Senyo Attipoe